Pazia Lililofumwa kwa Milisekunde 33

Saa mbili kasorobo asubuhi, fundi anafungua tiketi ya kwanza ya siku. Ni fupi: "Kitufe cha mandhari hakionekani. Naomba msaada kabla ya kikao cha saa nne." Aliyeiandika ni mama wa makamo, mhudumu wa wateja wa benki moja jijini Dar es Salaam, ambaye siku tatu kwa wiki hufanyia kazi nyumbani kwake Mbagala. Fundi anampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe kukuanzia siku na shida. Nina chumba na sebule, na sebuleni leo wamelala wageni. Itabidi nikae chumbani. Nyuma yangu ni kitanda na kamba ya nguo."

"Usijali, mama. Tutakusitiri."

Nilikuwa nimeketi pembeni, daftari mkononi. Niliomba ruhusa ya kumtazama binti huyu akifanya kazi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Yeye ndiye msimamizi wa kompyuta pepe za benki hiyo, na nilikwenda nikidhani nitaandika habari za mitambo. Neno lile, kusitiri, likanionyesha kwamba habari yangu ni ya pazia.

Wengi wetu tumeijua mandhari pepe kama pambo la mikutano ya video: mtu yuko Kariakoo, nyuma yake pana ufukwe na minazi, au rafu ya vitabu ambavyo hajawahi kuvishika. Mwenye ofisi yake na mlango wa kufunga anaweza kuiita pambo na yakaisha. Kwa anayehudumia watu akiwa chumbani anamolala, hilo ni jambo la stara. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Kamera ya kompyuta inamlaza kila mteja ndani ya nyumba yako kwa robo saa, akazijua ila ambazo si zake kuzijua.

Stara ya namna hii ina mafundi wake tangu zamani. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliweka daka mbele ya mlango, kisha tekani, kisha njia ikapinda kabla ya kufika kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Mlango ukiachwa wazi, hewa inaingia na mgeni anakaribishwa, lakini jicho la mpita njia linaishia ukutani. Ustadi wao ulikuwa katika kupanga njia. Nautaja mfano huu kwa makusudi, maana kazi ya binti huyu, kama nilivyokuja kuiona, nayo ni ya kupanga njia: kipi kipite wapi, na kipi kisipite kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu kompyuta ya mama wa Mbagala. Mezani kwake kuna kisanduku chenye ukubwa wa kitabu, skrini, kibodi, kipanya, kamera na vifaa vya masikioni. Kompyuta yenyewe haipo pale. Iko katika kituo cha data, ndani ya seva inayobeba makumi ya kompyuta za namna hiyo, kila moja ikijiona iko peke yake. Mama akibonyeza kitufe, mbonyezo unasafiri hadi kwenye seva; seva inachora skrini upya na kumrudishia picha yake. Akifungua faili la mteja, faili halifiki Mbagala, hufika sura ya faili tu. Kisanduku kikiibwa usiku, mwizi ameondoka na chuma na plastiki, hana hata namba moja ya akaunti. Ndiyo sababu benki na hospitali katika nchi nyingi zimeupenda mpango huu.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ulianzishwa mfumo wa X, ulioiwezesha programu kufanya kazi kwenye mashine moja na kuonekana kwenye nyingine. Mwaka 1989 Ed Iacobucci, aliyewahi kufanya kazi IBM, aliasisi kampuni ya Citrix, na mwaka 1995 kampuni hiyo ikatoa WinFrame, iliyowawezesha watu wengi kutumia Windows ya seva moja kwa wakati mmoja, kila mtu na skrini yake. Mifumo hii iliegemea jambo moja: skrini ya mfanyakazi kwa kawaida imetulia. Mtu anaandika barua, herufi moja inaongezeka, sehemu ndogo ya skrini inabadilika, na sehemu hiyo ndogo ndiyo inayotumwa. Njia nyembamba ilitosha.

Uso wa mtu hautulii.

Fundi alinichorea hesabu nyuma ya karatasi. Picha ya kamera ya kawaida ina pikseli 1,280 kwa upana na 720 kwa kimo, jumla 921,600. Kabla ya kubanwa, kila pikseli huchukua kwa kawaida baiti 2. Picha ni 30 kwa sekunde. Zidisha: zaidi ya baiti milioni 55 kila sekunde, sawa na megabiti 442. Kebo ya USB 2.0, kwa kipimo chake cha juu kabisa, ni megabiti 480. "Na hapo hatujatoka mezani," akasema. "Sasa fikiria intaneti ya nyumbani."

Picha hizo hubanwa zikawa ndogo mara nyingi, na hapo ndipo tatizo la pili linapoanza. Programu ya mikutano imo ndani ya kompyuta pepe, kule kwenye seva. Kwa njia ya zamani, sura ya mama ilibanwa Mbagala, ikapelekwa kwenye seva, ikafunguliwa, ikabanwa tena kwa ajili ya mkutano, ndipo ikatumwa kwa mteja. Sura ya mteja nayo ilikuja kwenye seva, ikafunguliwa, ikachorwa kwenye skrini, skrini ikabanwa, ikatumwa Mbagala. Kila kituo kilikula muda wake na kuacha alama: sauti inafika midomo imeshafunga, au uso unaganda katikati ya neno. Tena seva iliyopangwa kubeba watu wengi wanaoandika barua huzidiwa haraka na wachache wanaoonana kwa video. Ukiiamuru zaidi ya hapo imtenge kila mmoja wao na chumba chake, mara 30 kwa sekunde, utawafanya hata wale wa barua washindwe kuandika. Kwa sababu hiyo wasimamizi wengi waliizima mandhari pepe kwenye mifumo hii, na siwalaumu.

Dawa iliyopatikana naistahi sana. Mafundi waliigawa programu vipande viwili. Orodha ya watu, ujumbe, vitufe na ruhusa vikabaki kwenye seva. Kazi ya macho, masikio na mdomo ikahamishiwa kwenye kisanduku cha mezani. Hapo huwekwa injini ndogo ya video, inayoshika kamera yenyewe, kubana picha yenyewe, na kuituma kwenye mkutano bila kupitia kompyuta pepe. Kati ya vipande hivyo hupita mkondo mwembamba wa amri: washa kamera, zima maikrofoni, fulani amejiunga. Citrix na Microsoft walileta mpango wa namna hii kwa programu ya mikutano ya Teams mwaka 2019, wakitumia WebRTC, teknolojia ile ile inayokiwezesha kivinjari kupiga simu ya video. Zoom ina programu yake ya kazi hiyo. Mwaka 2024 Microsoft ikaleta injini mpya iitwayo SlimCore.

Lakini hapo linazuka swali ambalo lilinifanya niombe maelezo yarudiwe. Skrini inachorwa kwenye seva, na sura ya mteja inashuka Mbagala. Vitakutana wapi?

Seva huchora dirisha la mkutano na kuacha tundu mahali pa sura. Kisha huiambia injini ya mezani: tundu liko hapa, upana wake huu, kimo chake hiki. Injini huichora sura ya mteja palepale kwenye kisanduku na kuilaza juu ya tundu, sawasawa, pasiwe na ufa. Mama akilisogeza dirisha, tundu linasogea na sura inalifuata. Akifungua kikokotoo juu yake, injini inaarifiwa pembe ipi imefunikwa, nayo inaikata sura hapo hapo. Anachokiona mama ni dirisha moja, ilhali ni picha mbili zilizofika kwa njia mbili, zikashonwa pamoja mbele ya macho yake. Ushahidi ni huu: ukipiga picha ya skrini ukiwa ndani ya kompyuta pepe, mara nyingi mahali pa sura panatoka peusi. Sura haikuwahi kufika huko.

Nilimtazama fundi akilivuta dirisha huku na huku, polepole, kisha kwa kasi, macho yake yakiwa pembezoni tu. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Natafuta mshono," akasema.

Sura ikiwa inashikwa mezani, na pazia nalo linaweza kufumwa mezani. Muda wa kulifuma ni mdogo. Picha 30 kwa sekunde zinaiachia kila picha milisekunde 33. Kupepesa macho mara moja huchukua muda mrefu kuliko huo. Ndani ya milisekunde hizo picha ishikwe, mtu atambuliwe, akatwe, abandikwe kwenye mandhari mpya, abanwe, atumwe. Na picha inayofuata imeshabisha hodi.

Kumtenga mtu na mahali alipo ni shauku ya siku nyingi. Mwaka 1898, huko Ufaransa, Georges Méliès alitumia mandhari nyeusi na kuipitisha filamu ile ile kwenye kamera zaidi ya mara moja, hadi watazamaji wakaona vichwa vyake vimekaa mezani pembeni yake. Katika filamu ya Ben-Hur ya mwaka 1959 ilitumika kanuni ya Petro Vlahos ya pazia la buluu, iliyopima tofauti za rangi kwa uangalifu kiasi kwamba hata nywele na moshi viliweza kutengwa bila kuacha utepe wa buluu pembeni. Na miaka ya 1990, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majengo marefu. Msafiri aliyesubiri feri alipigwa picha akiwa kama yuko ng'ambo. Wote hao walihitaji pazia la kushikika nyuma ya mtu. Mama wa Mbagala hana pazia la buluu. Ana kitanda na kamba ya nguo.

Kinachomkata yeye ni mtandao wa neva wa kompyuta, uliofunzwa kwa picha nyingi ambazo watu wamezichorea mpaka: hapa ni mtu, hapa si mtu. Mitandao mingi ya kazi hii ina asili katika U-Net, iliyotolewa mwaka 2015 na Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Wao walikuwa wakitenga seli kwenye picha za hadubini. Mtandao wao una umbo la herufi U. Upande mmoja unashuka: picha inapunguzwa ngazi kwa ngazi ili ijulikane ina nini. Upande wa pili unapanda: picha inarudishwa katika ukubwa wake ili ijulikane kila kitu kiko wapi. Na kila ngazi ya kupanda inapokea habari kutoka ngazi ya kushuka iliyo mkabala nayo, ili mipaka iliyofifia njiani irudi. Chombo kilichobuniwa kutenga seli na seli kikaja kutenga bega na ukuta.

Mwaka 2020 wahandisi wa Google walieleza jinsi programu yao ya mikutano, Meet, inavyoifanya kazi hii ndani ya kivinjari, na maelezo yao yanafundisha ubanaji wa matumizi. Mtandao hautazami picha nzima. Picha hupunguzwa, kwa mfano hadi pikseli 256 kwa 144, ambazo ni 36,864: sehemu 1 kati ya 25 ya picha ile tuliyoihesabu nyuma ya karatasi. Mtandao unamtafuta mtu kwenye picha hiyo ndogo na kutoa umbo lake, mfano wa kivuli. Kisha kivuli kinapanuliwa na kulinganishwa na picha kubwa, ukingo wake ukavutwa mpaka ufuate ukingo halisi wa nguo na nywele. Kazi ngumu inafanyika mahali padogo, na mahali pakubwa panabaki na kazi nyepesi.

Kivuli hicho hakina jibu la ndiyo na hapana pekee. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm waliandika kanuni za kuweka picha juu ya picha ambazo mpaka leo zinatumika. Kila pikseli ina kipimo kati ya 0 na 1. Katikati ya kifua ni 1, mtu kamili. Ukutani ni 0. Kwenye unywele uliochomoza, tuseme ni 0.4: sehemu nne za mtu, sehemu sita za mandhari mpya, zikichanganywa kama maziwa na chai. Uzuri wote uko katika namba hizo za katikati. Ukizifuta, mtu anaonekana amekatwa gazetini kwa mkasi butu. Ukizizidisha, anazungukwa na ukungu. Mafundi wa Google waliongeza jambo jingine linalonipendeza: mwanga wa mandhari mpya unaruhusiwa kupaka kidogo kwenye ukingo wa bega, kama ambavyo mwanga wa dirisha ungepaka, ili mtu aonekane kweli yuko pale.

Kisha kuna suala la kutulia. Picha moja ikikatwa hivi na inayofuata ikikatwa vile, ukingo unachezacheza kama moto wa kibatari, na anayetazama anachoka bila kujua kwa nini. Kwa hiyo mtandao unaweza kupewa kivuli cha picha iliyopita kiwe kumbukumbu, kama Google ilivyofanya mwaka 2018 kwa video za YouTube. Mtu aliyekuwa hapa nukta iliyopita hajaenda mbali.

Turudi kwenye tiketi. Fundi alianza kwa kuuliza kama injini ya mezani imeunganishwa na programu ya kwenye seva. Imeunganishwa. Basi kwa nini kitufe hakipo? Akanieleza kwamba programu haionyeshi kitufe mpaka imeiuliza injini: unaweza kutenga mtu na mandhari? Injini ikijibu siwezi, au isipolielewa swali, kitufe kinafichwa. Kwa mtumiaji ni kama kitu kimeibwa. Kwa fundi ni jibu la swali, na kazi yake ni kujua nani amejibu hapana, na kwa sababu gani.

Sababu zaweza kuwa mbili. Ya kwanza ni umri wa injini: ya zamani haijui kazi hiyo, ya karibuni inaijua. Ya pili imo ndani ya prosesa. Hesabu za mtandao wa neva ni za kujirudia, kuzidisha na kujumlisha mamilioni ya mara, na prosesa zenye amri za AVX2, ambazo Intel ilianza kuziweka mwaka 2013, hufanya hesabu nane za biti 32 kwa mpigo mmoja. Prosesa nyingi za visanduku vya bei ya chini hazikuwekewa amri hizo. Zinatosha kabisa kuonyesha barua na fomu. Hazitoshi kumkata mtu mara 30 kwa sekunde. Fundi alifungua orodha yake ya visanduku vyote, kila kimoja na prosesa yake, orodha aliyoiandaa mwenyewe jioni kadhaa bila kuagizwa na mtu. Cha mama kilikuwa na AVX2.

"Mama ana bahati," akasema. "Ni injini tu ndiyo imezeeka."

Hakuigusa injini ya mama. Kwenye meza yake pana kisanduku cha aina ile ile, na hicho ndicho alichokisasisha kwanza. Akapiga simu ya video kwa mwenzake wa chumba cha pili, akaanza kujijaribu kwa utaratibu ambao ungedhani ni ibada. Akainua mkono na kutandaza vidole. Akageuza kichwa pole pole. Akainama kuokota kalamu na kurudi. Akashika kikombe cheupe mbele ya kifua, maana vitu vya mkononi hupotea mara nyingi. Akaegemea kiti cheusi. Akavaa mtandio, akauvua, akauvaa tena kwa namna nyingine. Kisha akazima taa na kumwita kijana mwenye ngozi nyeusi kuliko yake aketi mahali pake, na baada yake dada mwenye misuko mirefu.

Nilimuuliza kuhusu ile taa. Akanikumbusha habari ya Septemba 2020, kutoka Kanada. Colin Madland alionyesha hadharani picha za mkutano wa Zoom ambamo mandhari pepe ilikifuta kichwa cha mwenzake Mweusi, mwalimu wa chuo. Madland mwenyewe, Mzungu, alionekana bila tatizo. Miaka miwili kabla ya hapo Joy Buolamwini na Timnit Gebru walikuwa wamepima programu za kukisia jinsia ya mtu kwa kutazama sura. Makosa yalifika asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, na hayakuzidi asilimia 0.8 kwa wanaume wenye ngozi nyeupe. Kukisia jinsia na kukata ukingo ni kazi mbili tofauti, lakini funzo ni lile lile: mashine huzijua vizuri nyuso ilizozoezwa nazo. "Mimi sikuifunza mashine hii," fundi aliniambia. "Lakini mimi ndiye ninayewapa watu waitumie. Lazima nijue inamwonaje kila mmoja."

Kazi ikaingia hatua ambayo hakuna mtumiaji atakayeijua kamwe. Kompyuta pepe za ofisi hiyo huzaliwa kila asubuhi kutokana na nakala moja, ambayo mafundi wanaiita nakala mama, na mtu akitoka jioni kompyuta yake inafutwa. Ni mpango mzuri. Uchafu wa jana haufiki leo. Lakini mandhari aliyoichagua mtu ikiandikwa mahali panapofutwa, kesho atalazimika kuichagua upya, na siku akisahau, mteja atakutana na kitanda. Kwa hiyo fundi alihakikisha uchaguzi huo unaandikwa kwenye wasifu wa mtumiaji, unaohifadhiwa kando na kurudishwa kila anapoingia. Akatoka, akaingia. Akatoka tena, akaingia tena. Mara nne. Kila mara mandhari ikawa pale.

Saa tatu na nusu akasasisha injini ya mama kutoka mbali, kisha akaniomba nigeuze kiti changu nielekee dirishani. Alitaka kupiga simu ya majaribio, na chumba cha mama hakikuwa changu kukiona. Niligeuka. Nikasikia sauti tu.

"Mama, dirisha lako liko upande gani?"

"Nyuma yangu, mwanangu."

"Naomba ugeuze kiti mwanga ukupige usoni. Mwanga ukitoka nyuma, mashine inakuona kama kivuli, haijui nywele zako zinaishia wapi. Hivyo hivyo. Sasa inua mkono. Asante. Geuka kushoto. Vizuri sana. Na una shuka la rangi moja?"

"Ninalo."

"Litundike juu ya ile kamba ya nguo. Mashine itapata kazi rahisi. Na siku mtambo ukigoma, shuka litabaki."

Ushauri ule niliuandika na kuupigia mstari. Binti huyu ameshinda asubuhi nzima akifuma pazia la hesabu, anaijua nguvu yake na anajua pia linaweza kuchanika. Kwa hiyo chini yake ameweka pazia la kitambaa.

Saa nne ikafika. Fundi hakuingia kwenye kikao cha mama. Hana ruhusa ya kuona wateja, wala hakuitaka. Alifungua ukurasa wa vipimo: kazi ya prosesa ya kisanduku cha Mbagala, idadi ya picha kwa sekunde, muda wa safari. Namba zilipanda, zikatetemeka kidogo, zikatulia. Picha 30. Picha 30. Picha 29. Picha 30. Seva haikuonyesha mzigo wowote wa maana, kwa sababu kazi ilikuwa ikifanyika pale mama alipo. Saa tano kasoro dakika kumi tiketi ikarudi na maneno mawili: "Asante, mwanangu." Akaifunga, akafungua nyingine.

Mpaka naondoka jioni ile sikuwa nimemwona mama wa Mbagala, wala sijui kitanda chake kikoje. Nadhani hicho ndicho kipimo halali cha kazi iliyofanyika. Mteja aliyehudumiwa saa nne aliuona uso wa mhudumu wake na picha ya ofisi nyuma yake, akauliza habari za mkopo wake, akajibiwa. Fundi naye hakuonekana, na hakuna aliyejua kwamba tangu saa mbili kasorobo kuna mtu aliyekuwa akikagua ukingo wa bega la mama.

Jambo moja lilibaki kwenye daftari langu. Katika ile orodha ya visanduku, fundi alikuwa ameweka alama nyekundu kwa vile visivyo na AVX2. Vilinunuliwa kwa mkupuo mmoja kwa sababu vilikuwa rahisi. Wanaovitumia hawatapata kitufe, hata injini zisasishwe mara ngapi, hata fundi akeshe. Kwao pazia lilikatwa siku ile karatasi ya manunuzi iliposainiwa, na aliyesaini hakujua kuwa anakata pazia. Fundi anawashauri watundike shuka.

Wewe unayesaini karatasi hizo, katika benki, hospitali au ofisi ya umma, usikitazame kisanduku kwa bei yake pekee. Mwite fundi wako kabla ya kuweka saini, umuulize: hiki kitamsitiri mtu atakayefanyia kazi chumbani kwake? Akikuambia hapana, msikilize.